Ulisimama wapi? Maswali ya wapiga picha za harusi

Barua za mwezi huu zimekuja na picha ndani yake, na hilo limenifurahisha sana. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mpiga picha za harusi, nipo Magomeni, Dar es Salaam. Kazi nilianza kwa kumshikia taa mjomba wangu, zama za mikanda ya fremu 36, wakati kila fremu iliyoharibika ilikuwa hela iliyopotea. Ukinitumia picha nitaisema kama ninavyoiona. Swali langu la kwanza halitakuwa jina la kamera yako. Nitakuuliza ulisimama wapi, na kwa nini ulichagua pale.

*Dada, shikamoo. Nina miaka miwili katika kazi hii. Nakutumia picha nne za sendofu niliyopiga ukumbini hapa Morogoro. Nyuso zimekuwa za zambarau, na picha mbili zina mistari myeusi iliyokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilipowaonyesha wenzangu, karibu wote waliniambia ninunue kamera kubwa zaidi. Hela hiyo sina. Nifanyeje?*
Kijana wa Kihonda, Morogoro

Marahaba, mdogo wangu. Kamera usinunue. Kamera kubwa ukiishika ukiwa umesimama palepale, itakupa zambarau ileile, tena kwa ukubwa zaidi.

Tuanze na mistari. Umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED za bei ya chini hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Shata ni muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga. Ukiwa kwenye shata ya 1/500 ya sekunde unanasa kipande tu cha pigo moja, hivyo sehemu ya fremu inapata mwanga na sehemu nyingine inakosa. Shusha shata hadi 1/100, au 1/50 kama watu wametulia. Shata ya kimya izime kabisa ukiwa ukumbini, maana huzidisha mistari. Zile taa za jukwaani zinazofifizwa kwa rimoti zina mapigo yake zenyewe. Hizo zijaribu kabla wageni hawajaingia: piga 1/80, 1/100, 1/125, kisha kuza picha kwenye kioo cha kamera uone ipi iko safi. Ndiyo maana nasema mpiga picha awahi ukumbini kuliko MC.

Sasa zambarau. Katika picha ya pili rangi imekaa kwenye nywele na mabega ya bi harusi, na chini ya kidevu hakuna. Kwa hiyo imetoka juu. Flashi yako uliigeuzia darini, lakini dari haikuwepo. Kulikuwa na vitambaa vya mapambo, na mwanga ukigonga kitambaa cha zambarau hurudi na zambarau yake. Picha ya tatu yenyewe inaonyesha ukuta mweupe kando ya meza ya keki, hatua chache tu kutoka uliposimama. Ungesogea pale, ukageuzia flashi ukutani upande wa bega lako la kushoto, ungepata uso wenye umbo na rangi yake halisi.

Picha ya nne ni ya umbali. Meza ya wajomba ilikuwa karibu mita mbili kutoka kwako, bi harusi na mpambe wake karibu mita nne. Mwanga wa flashi ukienda umbali maradufu hubaki robo, si nusu. Wajomba wameungua weupe, bi harusi amezama gizani. Katikati yenu alikuwepo mtu wa video na taa yake, nawe ukajificha nyuma yake. Taa ile itumie! Simama pembeni yake, mwanga umpige bi harusi kutoka ubavuni mwako, na kazi ngumu itakuwa imeshafanyika.

Jambo jingine linalosaidia kuliko kifaa chochote: mpigie mpambaji simu kabla ya siku yenyewe. Muulize rangi ya vitambaa, na muombe taa za rangi zipunguzwe wakati wa keki na zawadi. Mpambaji naye anataka mapambo yake yaonekane vizuri kwenye picha, kwa hiyo mtaelewana.

Picha yako ya kwanza, shangazi akimfunga bi harusi kanga, ina rangi mbaya kama zile nyingine, na bado ndiyo bora kuliko zote. Ulikuwa karibu, ulipiga magoti, na mikono ya shangazi inaonekana yote. Igeuze nyeusi na nyeupe, ichape, umpelekee shangazi.

*Salamu Bi. Mpiga Picha. Sisi ni wapiga picha wa harusi hapa Mombasa, twakutana kila mwezi kutazama kazi zetu. Kila mmoja huleta picha yake moja nzuri, wenziwe husema "safi sana", chai yaja, twaondoka. Mwezi uliopita mmoja wetu alikosoa, mwenye picha akakasirika akenda zake. Twataka kujifunza lakini hatujui pa kuanzia.*
Mwenyekiti wa kundi, Mombasa

Mwenyekiti, swali hili nimelisubiri muda mrefu.

Tatizo lenu liko kwenye ile picha moja. Kuleta picha yako bora pekee ni kama kumpelekea fundi gari linalowaka na kuliacha nyumbani lililokufa. Sisi tunaokutana hapa Dar tulishakubaliana: hakuna kuleta picha moja. Unaleta fremu kumi zilizofuatana kama zilivyotoka kwenye kadi, bila kuzihariri na bila kufuta mbovu. Ukifuta ya katikati, namba za mafaili zitakusema.

Nieleze kwa mfano. Mwenzetu mmoja alileta picha ya nikaha. Bwana harusi ameshikana mkono na baba wa bi harusi, shehe yuko kati yao, na mpiga picha yuko nyuma ya shehe. Mikono haionekani. Kama angeleta ile moja, tungesema "mikono imefichwa" na angejibu "msikiti ulijaa", mambo yakaishia hapo. Lakini alileta zote kumi, na tukaona kwamba fremu tatu kabla alikuwa mahali sahihi kabisa, upande wa kulia, chini, mikono iko wazi. Aliondoka kwa nini? Fremu ya tano ina jibu: mjomba mwenye simu ameingia mbele yake, naye akakimbilia nyuma ya shehe. Basi somo halikuwa la lenzi. Lilikuwa la kumtafuta mjomba yule kabla ya akdi, kumwamkia, na kumwomba akae upande mmoja na wewe, hata kumwonyesha pa kusimama ili naye apate picha yake. Mwenzetu alifanya hivyo harusi iliyofuata na akaleta fremu kumi nyingine, na mikono ilikuwepo kwenye zote isipokuwa mbili.

Kuhusu hasira, kuna utaratibu unaopunguza. Mwenye picha anyamaze mwanzoni. Wengine waseme wanachokiona kwa maneno ya kawaida: "naona baba anacheka, naona chupa ya maji mbele, jicho langu linakwenda kwenye chupa." Hakuna nzuri wala mbaya bado. Mara nyingi mwenye picha huisikia ile chupa kwa mara ya kwanza pale, na hapo huwa amejikosoa mwenyewe. Kisha naye aseme alitaka nini: picha ilikuwa ya nani, ya tukio gani, aliyeomba alikuwa mama au bwana harusi? Bila kujua hilo utaikosoa picha ya mama kwa kipimo cha tangazo la gauni.

Baada ya hapo ndipo ushauri, na mshauri awe na deni. Anayesema pembe si sahihi ainuke, aonyeshe kwa viti na watu mlionao pale chumbani: wewe kaa, wewe uwe shehe, mimi ningepiga magoti hapa. Utashangaa ni mara ngapi mkosoaji akifika pale anakuta nguzo au mgongo wa mtu, na kusema "kumbe". Majina ya kamera na lenzi yasitajwe kabisa mpaka hapo. Nimeona vikao vizuri vikifa kwa sababu mtu mmoja alitaja bei ya lenzi.

Huyo aliyeondoka, mfuate nyumbani kwake. Nenda wewe mwenyekiti, usitume ujumbe. Na mwezi ujao wa kwanza kuweka fremu zako mezani uwe wewe.

*Dada yangu, as-salaam alaykum. Mimi ni mwanamke, napiga picha za shughuli za kike hapa Tanga: hina, kupambwa kwa bi harusi, usiku wa ngoma. Simu huchukuliwa mlangoni, wanawake huvua mabuibui, na mimi peke yangu ndiye ninayeruhusiwa kuwa na kamera. Picha zangu nahisi zimedumaa kwa sababu siwezi kumwonyesha mtu yeyote anikosoe. Nifanyeje?*
Mwenzenu wa Ngamiani

Wa alaykum salaam, dada yangu. Umeandika kwa uangalifu na nitajibu hivyohivyo.

Picha zile usimwonyeshe mtu asiyeruhusiwa, hata kwa nia ya kujifunza, hata kwa mwalimu, hata kwangu. Nashukuru kwamba hukuniambatishia hata moja. Wanawake wale walivua buibui kwa sababu walikuamini wewe, siyo kundi lako. Na sheria sasa iko upande wao: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na wenzetu wa Kenya wana yao tangu 2019. Sura ya mtu ni taarifa yake. Lakini hata kabla ya sheria, kwetu pwani mpiga picha aliyevujisha picha ya ukumbi wa kike haitwi tena, na dada zake hawaitwi.

Hata hivyo ufundi wako usife. Kuna njia ambazo nimezitumia mwenyewe. Kwanza, mengi ya kujifunza hayana sura ndani yake: mikono yenye hina na piko, asumini kwenye nywele ukimpiga kwa nyuma, mkeka, chetezo na moshi wa udi. Moshi ni mtihani mkubwa wa mwanga, na hauna aibu ya kuonekana. Ukitaka uonekane, mwanga uje kutoka nyuma yake na nyuma kuwe na giza. Ukiumulika kwa mbele unapotea. Hizo omba ruhusa, onyesha, kosolewa. Angalia tu kwamba mchoro wa hina nao unaweza kumtambulisha mtu, kwa hiyo ruhusa bado inahitajika.

Pili, iigize shughuli. Mkalishe mdogo wako chumba chenye taa ileile moja ya katikati, mvike kanga, piga, umpelekee mkosoaji hizo. Kosa la mwanga ni lilelile hata kama bi harusi ni wa kuigiza.

Tatu, na hii ndiyo bora: tafuta wanawake wenzako wanaopiga shughuli za kike, hata wawili. Mwombe bi harusi na mama yake ruhusa ya wazi kwamba wanawake hao wataona, majina wakatajiwe. Zitazameni kwenye kamera au kwenye picha zilizochapwa, mkiwa chumba kimoja, kisha zirudi kwa mwenyewe. Zisipite kwenye simu ya mtu. Wengi huwa wanakubali wakiombwa kwa heshima, na akikataa, amekataa.

*Dada, nisaidie. Nimepiga harusi Dodoma, bi harusi ni mweusi wa kupendeza na gauni jeupe kabisa. Mkosoaji wa kwanza ameniambia nimemtia giza. Wa pili ameniambia nimemchubua. Picha ni hiyohiyo moja! Nimwamini nani?*
Mpiga picha, Dodoma

Nimeichapa picha yako ndipo nikaitazama, na waamini wote wawili. Mmoja ameona mikono, mwingine ameona uso. Mikono ya bi harusi imebaki kwenye giza ulilompiga nalo, uso umeunyanyua kwenye kompyuta mpaka ukaachana na shingo. Kuna pia uwezekano kwamba kila mmoja alitazama kwenye simu yenye mwangaza wake. Kabla ya kukosoana rangi, chapeni.

Kilichotokea ni hiki. Gauni jeupe lilijaza fremu, kamera ikadhani kila kitu kinang'aa kupita kiasi, ikapunguza mwanga, na uso ukaanguka. Kesho yake bwana harusi mwenye suti nyeusi atakufanyia kinyume chake. Kwa hiyo kamera isiamue. Iweke kwenye M, ambapo wewe ndiye unayepanga mwanga, pima kutoka shavuni mwake mahali atakaposimama, kisha washa lile onyo la kumetameta linaloonyesha penye kuungua. Likimeta kidogo kwenye ukingo wa gauni, sawa. Likimeta kifuani penye lesi, punguza kidogo. Na piga faili la RAW, lile ghafi ambalo kamera haijalikamilisha, ili uwe na nafasi ya kurudisha.

Kisha mahali pa kumweka. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: kwenye shavu, paji la uso, mfupa wa bega. Mng'ao huo unahitaji kitu kikubwa cheupe pembeni yake, dirisha, mlango ulio wazi, ukuta uliopigwa chokaa, hata shuka nyeupe iliyoshikwa na mpambe. Flashi ya mbele uso kwa uso inaufuta. Wewe ulimsimamisha akiutazama ukuta wa kahawia huku dirisha likiwa mgongoni kwake. Angegeuka robo tu.

Naomba niseme hili kwa nguvu, kwa sababu linaniuma: usimnyanyue mtu rangi. Si kazi yetu kumbadilisha bi harusi. Filamu za rangi zenyewe zilitufikia zikiwa na kipimo kisicho chetu. Kadi za kupimia rangi ambazo Kodak iliwapelekea wasafishaji picha tangu miaka ya 1950 zilikuwa na sura ya mwanamke mzungu, zikaitwa Shirley kwa jina la mwanamitindo wa kwanza, na mpaka miaka ya 1990 ndipo ikaja kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Miaka yote hiyo watu wetu walitoka kwenye picha wakiwa macho na meno tu. Leo kipimo unakishika wewe mkononi. Kama mpambaji wa sura amempaka poda nyepesi kuliko shingo, mwambie kwa upole mapema, kabla ya ibada, amshushie mpaka kifuani. Baada ya hapo utakuwa unahangaika na kompyuta usiku kucha.

*Shikamoo dada. Maharusi wa Mwanza wanataka picha kwenye mawe mara tu wakitoka kanisani, saa saba mchana. Macho yao hutoka mashimo meusi. Kuna dawa?*
Nyakato, Mwanza

Marahaba. Mwanza iko magharibi mwa nchi huku saa yetu ni moja, kwa hiyo jua kwenu hufika juu kabisa karibu na saa saba, si saa sita. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba linapita utosini moja kwa moja. Umewachukua wakati mbaya kuliko wote. Upande mzuri ni kwamba jua lenu huzama karibu na saa moja jioni, na ukumbi hauanzi kabla ya hapo. Waombe wakuazime nusu saa kuanzia saa kumi na mbili.

Wakikataa, wapeleke upande wa jiwe wenye kivuli, nyuso zitazame ziwa na mbingu iliyo wazi. Picha ya ukoo usiipige katikati ya kivuli cha mwembe, majani yatawapaka kijani na vidoa. Wapange ukingoni, kivuli kinapokwisha.

*Mwanangu, habari za kazi. Mimi si mpiga picha, ni mama wa bi harusi, Moshi. Tumeletewa picha zaidi ya mia nane. Ndafu imepigwa kila upande. Lakini mama yangu mzazi, bibi wa bi harusi, aliyetoka Rombo akiwa mgonjwa, hayupo hata kwenye picha moja ukiacha kipande cha kilemba chake. Kijana aliyepiga ni mwenye adabu na sitaki kumvunja moyo. Nimwambieje?*
Mama wa Moshi

Shikamoo mama. Pole, na hongera kwa binti.

Mwambie, tena mwambie mapema, leo kama inawezekana. Alichokuletea ni alichochagua. Kwenye kadi au kompyuta yake huenda kuna fremu nyingine alizoziacha kwa sababu bibi alifumba macho au mtu alipita mbele. Kadi hutumiwa tena kwenye harusi inayofuata, ndiyo maana nasema leo. Muombe zote za muda ambao bibi alikuwepo, bila kuchaguliwa. Picha ambayo yeye aliona haifai, kwako inaweza kuwa ndiyo.

Ukikaa naye usiseme "picha zako mbaya". Mwekee ile yenye kilemba mezani, umwambie huyu ni nani, ana umri gani, alisafiri vipi. Yeye alipiga jukwaa na ndafu kwa sababu alikaa pale MC alipomwelekeza, mbele, na meza ya wazee mliiweka nyuma karibu na mlango. Hakuna aliyemwonyesha bibi. Akilijua hilo atalibeba kwenye kila harusi atakayopiga, na utakuwa umemfundisha zaidi ya sisi wenzake. Kwa harusi ya binti anayefuata, kamati imteue kijana mmoja wa ukoo, anayewajua wazee wote kwa sura, atembee na mpiga picha kwa saa moja ya kwanza akimwonyesha: huyu, na huyu, na yule aliyekaa pembeni.

Na kama bibi ana nguvu ya kuketi, wapelekeni maharusi Rombo na nguo zao za harusi, pamoja na kijana huyo na kamera yake. Mgharamieni nauli. Bibi akae barazani, si sebuleni penye giza, uso wake uelekee uani, saa kumi alasiri, na avae kilemba anachokitaka yeye.